Stelingi Mwenye Kazi

Mtu aliyekulia karibu na kibanda cha video, awe wa Mbagala, Kibera au Katwe, aliijua Guangzhou kabla ya kulijua jina lake. Aliona vichochoro vyake, maduka yake ya dawa za mitishamba, mashua zake mtoni na ngoma yake ya simba, akaamini anatazama China yote kwa jumla. Kumbe sehemu kubwa ya filamu za kung fu zilizotufikia kwa kanda, na baadaye kwa diski, zilisimulia habari za jiji moja na majirani zake: Guangzhou, ambayo Wazungu waliiita Canton, pamoja na Foshan ambayo siku hizi inafikika kwa treni ya chini ya ardhi. Filamu zenyewe zilitengenezwa Hong Kong, lakini wengi wa walimu wa mapigano na waigizaji wake walikuwa na asili ya mkoa wa Guangdong. Walipotafuta hadithi walichukua za kwao.

Wapenzi wa filamu hizi tukikutana, ubishi huwa ni wa zamani na sasa. Nani zaidi, Bruce Lee au Donnie Yen? Je, waya na kompyuta zimeua mapigano ya kweli? Na upande wa katuni ni hivyo hivyo: wapo wanaoapa kwamba Spider-Man aliisha pale karatasi zilipogeuka filamu. Nimeshiriki ubishi huo kwa miaka mingi na sasa naona hautufikishi popote. Ukizipanga hadithi za Guangzhou kuanzia mwaka 1949 hadi leo, utaona nzuri ziko za zamani na ziko za juzi, na mbovu vilevile. Kinachozitenganisha ni swali ambalo mtazamaji wa kwetu hulielewa haraka: huyu stelingi anakula kwa kazi gani? Hadithi inayolijibu swali hilo kwa undani hudumu. Hadithi inayomvua stelingi kazi yake na kumkabidhi bendera huanza kudhoofika hapo hapo, hata kama mateke yake ni safi.

Nianze na Wong Fei-hung, maana kila kitu kinaanzia kwake. Alikuwa mtu wa kweli, mzaliwa wa Foshan wa mwaka 1847. Alifundisha kung fu na alisifika kwa ngoma ya simba, lakini wagonjwa walimjua kwa kuunga mifupa na kutibu majeraha katika zahanati yake ya Po Chi Lam, mjini Guangzhou. Zahanati hiyo iliteketea mwaka 1924 wakati kikosi cha wafanyabiashara wa jiji kilipopambana na serikali ya Sun Yat-sen, na mwenyewe akafariki muda mfupi baadaye. Mwanafunzi wake mashuhuri, Lam Sai-wing, alikuwa mchinjaji wa nguruwe. Lam akamfundisha Lau Cham. Lau Cham akamfundisha mwanawe, Lau Kar-leung. Na huyo Lau Kar-leung ndiye aliyeongoza The 36th Chamber of Shaolin mwaka 1978, filamu ambayo kwangu haijapata mpinzani.

Mnyororo huo unaeleza kitu ambacho macho yetu yaliona bila kujua sababu. Mwaka 1949 Kwan Tak-hing, mzaliwa wa Guangzhou, alianza kuigiza kama Wong Fei-hung, na aliendelea kumwigiza katika filamu zaidi ya 70. Lau Cham alikuwamo katika filamu hizo, akicheza mbele ya kamera yale aliyofundishwa na mwanafunzi wa Wong mwenyewe. Adui wa kudumu alikuwa Shih Kien, yule yule ambaye mwaka 1973 tulimwona akiwa Bwana Han mwenye mkono wa chuma katika Enter the Dragon. Filamu za Kwan ni za rangi nyeusi na nyeupe, zinakwenda taratibu, na kijana wa leo atazichoka baada ya robo saa. Nampa pole, kwa sababu ndani yake yumo mtu mzima anayeheshimika mtaani kwa kazi yake, anayewakemea wanafunzi wanaopenda ugomvi, na anayepigana pale tu njia nyingine zote zimeshindikana. Tangu hapo sijaona shujaa wa sinema aliyekuwa na busara ya namna hiyo.

Miaka ya 1970 warithi wake walimshusha kutoka kwenye heshima na kumpeleka jikoni, sokoni na mitaani, na hapo ndipo alipotunasa sisi. Katika Drunken Master ya mwaka 1978, Jackie Chan anamwigiza Wong akiwa kijana mtundu anayekula hotelini bila pesa ya kulipa. Mwaka uliofuata, katika The Magnificent Butcher, Sammo Hung akawa Lam Sai-wing, mchinjaji mnene mwenye moyo mwepesi, naye Kwan Tak-hing, sasa mzee, akarudi kuwa Wong. Mzee huyo ana pambano moja la kugombania brashi ya kuandikia: anajikinga, anamzungusha mpinzani, na wakati huo huo anaendelea kuandika kwenye karatasi. Sijui pambano jingine linaloeleza vizuri kiasi hicho kwamba mkono unaopiga na mkono unaofanya kazi ni mmoja.

Lakini ni The 36th Chamber ninayotaka kukaa nayo. Gordon Liu ni mwanafunzi wa Canton ambaye watu wake wanauawa na watawala wa Kimanchu. Anakimbilia Shaolin akitaka kujifunza kupigana ili akalipize kisasi. Filamu ya kawaida ingempa dakika kumi za mazoezi na saa nzima ya mapigano. Lau Kar-leung anafanya kinyume chake. Katikati yote ya filamu ni kazi: kubeba ndoo za maji huku mikono imenyooshwa na visu vimefungwa chini ya mabega, kugonga kengele kwa mpini mrefu mzito, kuvuka maji juu ya magogo yanayoelea. Adui anasahaulika karibu kabisa. Anayetazama anaanza kujali jambo moja tu, kama kijana huyu ataweza leo kile kilichomshinda jana. Watoto wetu waliielewa filamu hiyo bila mkalimani kwa sababu ndivyo ufundi unavyopatikana gereji: mwanagenzi anafagia, anachota maji, anashika tochi, na siku moja anakabidhiwa spana. Kisha inakuja hoja iliyo moyoni mwa filamu. Baada ya kuhitimu vyumba vyote 35, San Te, kama kijana huyo anavyoitwa hekaluni, anapewa nafasi ya kusimamia chumba chochote. Anaomba kufungua cha 36, kitakachofundisha watu wa kawaida nje ya hekalu. Elimu iliyofungiwa inapelekwa mtaani Canton.

Bruce Lee naye ana mzizi hapa, ingawa alizaliwa San Francisco mwaka 1940 na kukulia Hong Kong. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni mwenye asili ya Shunde, Foshan, na nyumba ya familia yao ipo mpaka leo Barabara ya Enning, Guangzhou, jirani na jumba la makumbusho la opera hiyo lililofunguliwa mwaka 2016. Mpenzi wa filamu anayefika Guangzhou asikose kwenda huko. Mtaa wote unaonyesha mahali kung fu ya sinema ilikotoka: kwenye jukwaa la opera, ambako mwigizaji alipaswa kuimba, kuruka na kupigana kwa fimbo katika usiku mmoja.

Kuna jambo la historia ambalo wapenzi wengi wa kwetu hawalijui, nami hulitaja kila ninapopata nafasi. Miaka ya 1970, watazamaji wa Dar es Salaam walimwona Bruce Lee kwenye kumbi za jiji kabla ya wakazi wa Guangzhou, jiji lenye nyumba ya familia yake. China Bara haikuruhusu filamu hizo wakati huo. Hata miaka ya 1980, watu wa Guangzhou walilazimika kupachika juu ya paa antena zilizoitwa mifupa ya samaki ili wanase televisheni za Hong Kong. Kwa hiyo mapenzi yetu kwa filamu hizi hatukuyaazima kwa mtu. Tuna haki ya kuzijadili kama watazamaji wa siku nyingi.

Nikitumia haki hiyo, nasema The Big Boss ya mwaka 1971 ni filamu bora kuliko Fist of Fury ya mwaka 1972, na najua wengi watakataa. Fist of Fury ina hasira ya taifa zima: Shanghai, Wajapani, ubao wa matusi unaovunjwa kwa teke. Inasisimua. Lakini katika The Big Boss, Lee ni kijana kutoka Guangdong aliyekwenda Thailand kutafuta maisha, anayelala chumba kimoja na ndugu zake na kufanya kazi katika kiwanda cha barafu. Bosi anaficha dawa za kulevya ndani ya barafu, na kila mfanyakazi anayeuliza swali anatoweka. Kijana anapandishwa cheo kuwa msimamizi ili anyamaze, na kwa muda ananyamaza kweli. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kibarua ugenini anajua uzito wa cheo hicho. Fist of Fury haina kitu cha namna hiyo.

Filamu hizi zilipotufikia kupitia vibanda, zilipata mikono mingine. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi walisimama kati yetu na skrini, wakasimulia kwa Kiswahili na kwa lugha ya mitaani, wakawapa wahusika tabia za watu tunaowajua. Kampala, kazi hiyo ilikua mpaka ikazaa filamu: mwaka 2010 Nabwana Isaac wa Wakaliga alitoa Who Killed Captain Alex?, yenye kung fu ndani yake na msimulizi VJ Emmie juu yake. Baadhi ya wasomi huwaona wasimulizi hawa kama wapotoshaji. Mimi nawaheshimu. Walilifanya swali la kazi lisikike: huyu ni nani, anamdai nani, kwa nini hajalipwa. Mtazamaji aliyesimuliwa na DJ Afro anatoka akijua mambo ya nyumba na pesa ya stelingi hata pale mwandishi wa filamu mwenyewe alipoyaruka.

Sasa tuje kwenye bendera. Donnie Yen alizaliwa Guangzhou mwaka 1963, na mama yake, Bow-sim Mark, ni mwalimu mkubwa wa wushu. Kwa mwili na kwa kasi, hakuna anayemzidi kati ya waliokuja baada ya Bruce Lee. Ip Man ya mwaka 2008 ilimpa umaarufu wa dunia, na sehemu yake ya kati ni nzuri sana. Vita imefika Foshan, Ip Man, tajiri aliyekuwa hafanyi kazi, sasa anapakia makaa ya mawe, na wanaume wanapigana na Wajapani ili wapate gunia la mchele. Anawafundisha wafanyakazi wa kiwanda cha pamba kujilinda na majambazi. Hapo filamu inapumua. Kisha linakuja pambano la mwisho na jenerali wa Kijapani, na mtu anageuka sanamu. Filamu ya pili, mwaka 2010, ikaleta bondia wa Kiingereza anayetukana Wachina. Ya nne, mwaka 2019, ikaleta mwanajeshi wa Kimarekani. Kila filamu ilihitaji mgeni mpya wa kupigwa, na kila mara Ip Man alibaki na machache ya kufanya isipokuwa kuwakilisha.

Inauma zaidi ukijua maisha ya Ip Man wa kweli. Baada ya vita alifanya kazi ya upolisi Foshan. Alipokimbilia Hong Kong bila kitu, alianza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa mikahawa, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wapishi na wahudumu. Fikiria filamu hiyo: mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye madeni, akifundisha kung fu ya Wing Chun kwa watu wanaotoka zamu ya usiku wakinuka mafuta. Walikuwa nayo mkononi, wakaichukua ile ya bondia.

Bendera peke yake haiui filamu, na ushahidi wangu ni Once Upon a Time in China II ya Tsui Hark, mwaka 1992. Mahali ni Guangzhou, mwaka ni 1895. Jet Li ni Wong Fei-hung, amekuja kwenye mkutano wa madaktari kuonyesha tiba ya sindano, na anayemtafsiria ni Sun Yat-sen kijana. Mganga anaeleza kazi yake mbele ya madaktari wa Kizungu, sindano mkononi. Halafu linaingia kundi la Lotasi Nyeupe, linalochoma kila kitu cha kigeni na kuwashambulia wageni wote bila kuchagua. Tsui Hark angeweza kuwafanya Wazungu kuwa maadui na kumaliza. Badala yake, adui mkubwa ni chuki yenyewe, na shujaa wa taifa anatumia ufundi wake kuwalinda watoto wa shule iliyofundisha lugha za kigeni. Donnie Yen yumo pia, kama kamanda wa serikali anayegeuza kitambaa kilicholowa maji kuwa silaha. Nadhani ndiyo filamu bora zaidi iliyowahi kutengenezwa kuhusu jiji hili.

Wolf Warrior 2 ya mwaka 2017 naitaja kwa sababu inatuhusu. Iliingiza zaidi ya yuan bilioni 5 na kuvunja rekodi ya mapato ya sinema nchini China kwa wakati wake. Mandhari ni nchi ya Afrika isiyo na jina, yenye vita na ugonjwa wa kuambukiza, na mwanajeshi wa zamani wa Kichina anaingia kuokoa. Kuna Waafrika wengi ndani yake na karibu wote wanasubiri. Hakuna hata mmoja ambaye tunaijua kazi yake vizuri kiasi cha kumkumbuka. Hollywood ilitutendea hivyo kwa miongo mingi. Kutendewa hivyo na sinema nyingine hakupunguzi kosa.

Upande wa katuni, kipimo changu kinafanya kazi vilevile. Stan Lee na Steve Ditko walimpa Spider-Man kazi tangu mwaka 1963: Peter Parker anauza picha gazetini ili amsaidie shangazi yake. Spider-Man 2 ya mwaka 2004 inaanza na Peter akichelewa kupeleka piza. Mwaka 2017, katika Homecoming, bilionea Tony Stark alimpa mavazi yenye kompyuta na hadithi ikapungua uzito. Mwisho wa No Way Home, mwaka 2021, tunamkuta kwenye chumba cha kupanga akijishonea mavazi, nami nilifurahi kama mtu aliyemwona ndugu aliyepotea. Hata Black Panther naipenda kwa maabara ya Shuri kuliko kwa kiti cha enzi. Sisi wenyewe tulikuwa na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Komredi Kipepe katika jarida la Sani, watu wa mjini wanaoishi kwa ujanja, na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Hakuna aliyeruka. Wote walihangaikia chakula cha jioni, na ndiyo maana wasomaji waliwafuata kwa miaka.

Guangzhou ina mchoraji ambaye kila mpenzi wa katuni Afrika Mashariki angepaswa kumjua: Liao Bingxiong, aliyezaliwa jijini humo mwaka 1915 na kufariki mwaka 2006. Wakati wa vita alichora katuni kali dhidi ya wavamizi na dhidi ya ufisadi wa watawala. Mwaka 1957 alipachikwa jina la mfuasi wa mrengo wa kulia, na kwa takriban miaka ishirini akazuiwa kufanya kazi yake. Aliporudishiwa heshima, mwaka 1979, alijichora mwenyewe: mtungi wa udongo umevunjika vipande vipande, na mtu aliyekuwa ndani bado amejikunja kwa umbo la mtungi, magoti kifuani, hawezi kunyooka. Ni picha moja tu. Inaonyesha mtu aliyenyimwa kazi ya mikono yake anavyokuwa, na hakuna filamu niliyoitaja hapa inayoikaribia kwa nguvu.

Jiji liliendelea kuchora. Mwaka 2005 studio ya Guangzhou ilianza kutoa Pleasant Goat and Big Big Wolf, mfululizo wa watoto uliojaza televisheni za China. Watu wazima wanaoutazama humpenda mbwamwitu kuliko mbuzi, kwa kuwa kila siku anabuni mtambo mpya, anashindwa, na kurudi kwa mkewe mikono mitupu. Mwaka 2004 msanii Cao Fei, mzaliwa wa jiji hilo, alitengeneza filamu fupi ya COSPlayers kuhusu vijana wanaovaa kama mashujaa wa katuni za Kijapani na kupigana kwa mapanga bandia kwenye maeneo ya ujenzi. Jioni wanarudi nyumbani na kuketi karibu na wazazi wao, wakiwa bado na mavazi yao, wazazi wakiendelea na shughuli zao. Ukitembelea Dongman Xingcheng, soko la chini ya ardhi karibu na kituo cha Gongyuanqian linalouza vitabu vya katuni na sanamu za wahusika, utawaona wadogo zao. Na ukienda Barabara ya Yide, kwenye maduka ya jumla ya midoli na vifaa vya shule, utaona barakoa za Spider-Man zikiuzwa kwa katoni. Mabegi ya shule ya Kariakoo na Kamukunji yenye sura za mashujaa hao mengi yamepita katika masoko kama hilo.

Filamu mbili za hapo ndizo zinazothibitisha kwangu kwamba zamani na sasa si kipimo. Ya kwanza ni Yamaha Fish Stall ya mwaka 1984, iliyotengenezwa na Studio ya Filamu ya Pearl River ya Guangzhou chini ya mwongozaji Zhang Liang. Biashara binafsi ndiyo kwanza imeruhusiwa, na vijana wa mtaani wanafungua meza ya kuuza samaki wabichi. Hakuna teke hata moja. Kuna mizani, ndoo, pikipiki na wateja wenye maneno. Inasisimua kuliko mapambano mengi niliyoyaona.

Ya pili ni katuni ya mwaka 2021, I Am What I Am, ya mwongozaji Sun Haipeng. A Juan ni mvulana dhaifu wa kijijini Guangdong, mwenye wazazi wanaofanya vibarua Guangzhou. Anataka kucheza ngoma ya simba, na mwalimu anayempata ni bingwa wa zamani ambaye sasa anauza samaki wa chumvi. Baba anapoumia, mvulana anaacha ngoma na kwenda mjini kubeba mizigo. Kuna dakika chache juu ya paa la jengo alfajiri, akiwa peke yake na kichwa cha simba kabla ya kwenda kazini, ambazo naziweka pamoja na ndoo za Gordon Liu. Watengenezaji hawakumdanganya mtazamaji: baada ya mashindano, A Juan anaendelea kuwa kibarua. Ngoma ya Wong Fei-hung imerudi kwa watu wanaostahili kuirithi.

Kinachobaki ni sisi. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda Guangzhou kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli wamekuwa wenyeji. Lakini waliowatengenezea filamu ni watu wengine. Guangzhou Dream Factory, filamu ya hali halisi ya mwaka 2017, ya Christiane Badgley na Erica Marcus, iliwapa Waafrika nafasi ya kueleza ndoto na hasara zao, na ni kazi ya kuheshimiwa. Mwaka 2024 Abderrahmane Sissako, mwongozaji wa Timbuktu, alipeleka Berlin filamu ya Black Tea, kuhusu mwanamke wa Ivory Coast anayefanya kazi kwenye duka la chai Guangzhou. Ilibidi apige picha zake za China huko Taiwan. Majani ya chai yamepigwa kwa upendo mkubwa, na uso wa Nina Mélo unabeba mengi. Lakini watu wake wanaongea kama watu wasiodaiwa. Xiaobei ninayoijua ni kikokotoo kinachopitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa kukosa lugha, sampuli nzuri na mzigo mbovu, wakala wa kontena asiyepokea simu, na viza inayoisha kabla mzigo haujatoka kiwandani. Na ni Aprili 2020 pia, wakati Waafrika walipotolewa kwenye nyumba na hoteli jijini humo kwa hofu ya korona, wakalala nje, mpaka mabalozi wa Afrika walipoandika barua ya pamoja kwa serikali ya China. Hakuna filamu kubwa ya Kiswahili iliyoligusa jambo hilo.

Uwezo tunao. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inaanza na kijana anayeuza diski kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, na kwa dakika hizo chache David Gitonga alionyesha anajua kazi ni nini. Amil Shivji aliifanya riwaya ya Vuta N'kuvute kuwa filamu iliyosafiri dunia. Tamasha la Zanzibar limekuwapo tangu mwaka 1998. Wachoraji tunao wengi wanaotafuta hadithi ndefu. Kwao wote nina ombi: mchukueni mwanamke mmoja wa Kariakoo au Gikomba, mpeni mtaji wa kukopa, mpelekeni Guangzhou, na msimwache mpaka mzigo wake ushuke bandarini. Andikeni bei, uzito na majina ya vitu kwa usahihi. Msimpe bendera wala msimfanye mhanga. Na wasimulizi wa vibanda waitwe kwenye meza ya kuandika tangu rasimu ya kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaomjua mtazamaji wetu kuliko mtu yeyote.